Kabla hujabeba seti ya sufuria, uliza zinakwenda kupika nini

KAMPALA

Asubuhi, Kikuubo haina mahali pa kusimama. Wapagazi wenye maboksi kichwani wanakupigia kelele upishe, bodaboda inataka kupita palepale ulipo, na mwenye duka anakuuliza unachukua ngapi kabla hujasema unataka nini. Juzi nilijibanza kwenye duka moja la vyombo nyuma ya mama aliyetoka upande wa Mpondwe. Alikuwa ananunua sufuria za kuvusha Kasindi na kuendelea nazo hadi Butembo.

Muuzaji alimpangia seti mbele yake. Zinang'aa, zimeingiana moja ndani ya nyingine, zimefungwa kwa nailoni. Mama hakuangalia mng'ao. Alifungua moja, akabonyeza kitako kwa dole gumba. Kikaingia ndani, kikarudi kwa sauti ya bati. Akairudisha mezani na kusema kwamba bugali ya kwao ingeimaliza hiyo kabla ya mwezi kuisha.

Kosa alilolikwepa mama huyo ndilo linalofunga mtaji wa wafanyabiashara wengi wa mipakani. Nyanya ikikudodea, unaiona ikioza na unajua umepata hasara. Sufuria haiozi. Inakaa rafuni mwaka mzima ikikutazama, na wewe unaendelea kuihesabu kama mali, kumbe ni pesa iliyolala. Na sababu ya kulala kwake mara nyingi ni moja: ilinunuliwa kwa macho ya mwenye duka la Kampala, si kwa chakula cha anayekwenda kuinunua ng'ambo ya mpaka.

Mimi mwenyewe nilijifunza hili kwa gharama. Nilipopanga chumba changu cha kwanza Kikoni, karibu na Chuo Kikuu cha Makerere, nilinunua seti ya sufuria tisa kwa sababu bei ya kila moja ilionekana ndogo. Nilitumia mbili. Kubwa kuliko zote haikukaa juu ya sigiri yangu, ndogo kabisa niliwekea sabuni, na ile niliyoitegemea ilipinda kitako mpaka ikawa inacheza kama bembea kila nikisonga posho. Jirani yangu wa muzigo, kama wanavyoviita hapa vyumba vya kupanga vya mstari mmoja, alikuwa na sufuria mbili nzito, kisu, mwiko, beseni na chupa ya chai. Alilisha watu watano kila siku, na mara nyingi wa sita alikuwa mimi.

Ukitaka kuelewa jiko la Kampala, anzia kwenye maneno yake. Muganda anasema ssefuliya, essigiri, essowaani, ekijiiko, ebbinika. Mswahili yeyote atayasikia humo maneno ya kwao: sufuria, sigiri, sahani, kijiko, birika. Vitu vilipanda kutoka pwani pamoja na wachuuzi, na majina yake yakapanda navyo. Lakini chungu cha udongo cha kupikia kimebaki na jina la Kiganda, entamu, kwa sababu hicho hakikuletwa na mtu. Kwa hiyo unapouza sufuria katika ukanda huu, unaendeleza biashara ya zamani kuliko mipaka tunayoivuka leo.

Sasa chakula chenyewe. Matooke ya Buganda hayachemshwi majini kama ndizi za Bukoba, ambazo mara nyingi hutumbukizwa pamoja na maharage au samaki katika sufuria moja. Hapa ndizi humenywa, zikafungwa ndani ya majani ya mgomba, na furushi hilo likawekwa juu ya vipande vya mashina ya majani vilivyopangwa chini ya sufuria. Maji huwa kidogo, ya kutoa mvuke tu. Zikiiva, mpishi hulikandamiza furushi kwa mikono juu ya majani yaleyale hadi ndizi zilainike, halafu hulirudisha kwenye moto wa polepole likae tena muda mrefu. Siku ya wageni, luwombo, yaani kitoweo cha kuku, nyama au karanga kilichofungwa ndani ya jani lililopitishwa motoni, huivia humohumo kwa mvuke uleule.

Hebu fikiria mpishi huyo anahitaji chombo gani. Anahitaji sufuria yenye kina, kwa sababu furushi huwa refu na majani hupanda juu ya ukingo. Anahitaji kitako kinene, kwa sababu maji kidogo yakikauka bila yeye kujua, kitako chembamba kitaungua na moshi utaingia ndani ya chakula. Mfuniko si lazima sana, maana majani yenyewe ndiyo mfuniko. Na anahitaji sufuria inayokaa imara juu ya sigiri kwa saa nyingi. Ukimletea seti yenye sufuria moja kubwa nyembamba na nane ndogo, umemletea kitu kimoja asichokiamini na vinane visivyo na kazi.

Baada ya sufuria hiyo kubwa, mengine ni machache. Ya wastani ya kupikia mboga, wali au maharage. Ndogo ya chai na maziwa. Kisu kimoja chenye chuma kinachokubali kunolewa. Visu vya kung'aa vyenye mpini wa plastiki vinavyouzwa kwa pakiti vinapendeza wiki ya kwanza, kisha vinakata nyanya kwa kuiponda. Mwiko wa mti mgumu, mrefu kuliko unavyodhani, kwa sababu mkono wa anayesonga uko juu ya moto. Kikaango kizito cha chapati na mayai. Wapishi wa rolex wa barabarani wanapikia bamba nene la chuma, na ni kwa sababu: chuma kinene hushika joto, hivyo chapati ya kumi huiva sawa na ya kwanza. Chupa ya chai inayoshika joto mpaka jioni. Beseni mbili. Hapo mtu anapika Kampala bila kukosa kitu.

Kuhusu vikaango vya rangi visivyogandisha, maoni yangu ni kwamba si chombo cha mkaa. Moto wa sigiri haupimiki kama wa gesi, utando wake huungua mapema, na mwiko wa chuma humalizia kazi. Kwenye nyumba yenye jiko la gesi na mtu mwenye mkono mwepesi vinadumu. Kwingineko vitakurudishia kasitoma dukani akiwa amekasirika.

Kutoka Kikuubo nilikwenda Katwe. Huko huhitaji kuuliza njia, fuata sauti ya nyundo. Mafundi wa Katwe wanatengeneza karibu kila kitu cha chuma, na miongoni mwa kazi zao ni kuyeyusha vipande vya alumini na kumimina kwenye kalibu za mchanga kutoa sufuria na vyombo vingine. Alumini huyeyuka kwenye nyuzijoto 660 hivi, moto ambao tanuru ya mkaa yenye feni inaufikia bila shida. Sufuria inayotoka hapo ni nene, nzito, haimetimeti, na haibonyei kwa dole gumba. Kwa uimara, inashinda nyingi za dukani. Wateja wanaijua, na wengi wanaipenda.

Lakini kuna jambo ambalo anayeuza sufuria za aina hii, ziwe za Katwe, za Nairobi au za Dar es Salaam, anapaswa kulijua kabla hajazipakia. Mwaka 2017 watafiti wakiongozwa na Jeffrey Weidenhamer wa Chuo Kikuu cha Ashland, Marekani, walichapisha matokeo ya kupima vyombo 42 vya alumini vya kupikia kutoka nchi 10, Kenya na Tanzania zikiwemo. Walichemsha ndani yake maji yenye tindikali kidogo, mfano wa chakula chenye ukali, kisha wakapima kilichotoka. Zaidi ya theluthi moja ya vyombo hivyo vilitoa risasi kwa kiwango cha kutia wasiwasi. Risasi hapa ni ile metali inayotumika kwenye betri za magari. Sufuria za Uganda hazikuwa kwenye orodha ya nchi hizo, lakini njia ya kutengeneza ni ileile: vyuma chakavu vya kila aina, mabaki ya injini na rejeta vikiwemo, vinaingia kwenye tanuru moja.

Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama, na wanaoumia zaidi ni watoto wadogo, kwa sababu inagusa ubongo unaokua. Haina harufu, haina ladha, na huwezi kuiona kwenye sufuria hata ukiisugua kwa steelwool siku nzima.

Je, tuache sufuria za kumimina? Mimi siamini hivyo, na sitamwambia fundi wa Katwe afunge tanuru yake kwa habari ya gazeti. Ila mambo mawili yako mikononi mwa mnunuzi. La kwanza ni kumuuliza fundi anayeyusha nini. Mwenye kutumia mabaki ya nyaya za alumini, fremu za madirisha na sufuria kuukuu ana mali tofauti na anayetupia kila kinachoyeyuka, na mfanyabiashara anayechukua mzigo kila mwezi ana sauti ambayo mpishi anayenunua sufuria moja hana. La pili ni kumwambia mteja wako ukweli kuhusu matumizi. Nyanya, ndimu, ukwaju na maziwa ya mgando ni vyakula vikali. Vipikwe kwenye chuma kisichoshika kutu au kwenye chungu, na visilazwe ndani ya sufuria ya alumini usiku kucha. Matooke yaliyofungwa vizuri kwenye majani hayagusi kuta za sufuria, na hapo wapishi wa zamani wa Buganda wametutangulia bila kujua habari za maabara. Mchuzi wa nyanya hauna jani la kuukinga.

Basi ukirudi kwenye hesabu ya mzigo, uliza unaupeleka kwa walaji gani. Kwa wasongaji wa bugali wa Kivu Kaskazini, sufuria lazima iwe nzito na yenye mdomo mpana, maana mwiko unazungushwa kwa nguvu na sufuria nyepesi huzunguka pamoja nao. Sombe nayo hutwangwa kwanza, kisha ikakaa motoni muda mrefu, kwa hiyo kinu na mchi bado ni bidhaa, hata kama mjini Kampala vinapatikana kwa nadra jikoni. Kwa Busia na kuendelea Kisumu, watu wanataka sufuria ya ukingo bapa wanayoweza kuiipua kwa kitambaa, na ukubwa unaokwenda haraka ni ule wa ugali wa familia na ule wa chai. Ukishuka mpaka pwani, wali wa nazi unapikwa kwa kupaliwa: makaa yanawekwa juu ya mfuniko ili mvuke ukaushe punje za juu. Mfuniko mwembamba uliojikunja katikati hauna maana kwa mpishi huyo. Na bila mbuzi ya kukunia nazi, jiko lake halijakamilika, wakati Kampala unaweza kukaa mwaka mzima bila kumwona mtu akiitafuta.

Sigiri nazo zina hesabu yake. Zile za bati tupu ni rahisi lakini zinakula mkaa. Zenye kikombe cha udongo ndani zinatunza joto, na mkaa uleule unapika zaidi. Wazo hili lilienea Kenya tangu miaka ya 1980, likitokana na jiko la ndoo la Thailand, na leo mafundi wa Kampala wanazitengeneza kwa wingi. Mkaa umepanda bei, na mwezi Mei 2023 Rais Yoweri Museveni alitoa amri ya kupiga marufuku biashara ya kuchoma mkaa kaskazini mwa Uganda, kwa hiyo mteja anayepima mkaa kwa kopo anaijua tofauti hiyo mfukoni. Tatizo la udongo ni barabara. Ukipakia sigiri hizi juu ya basi bila majani makavu au magunia kati yake, utafika Mutukula na vigae.

Wateja wa mjini wameanza kuulizia umeme. Tangu 2022 bei ya umeme wa nyumbani Uganda ina daraja la kupikia: uniti za 81 hadi 150 kwa mwezi huuzwa kwa bei ya chini kuliko zile zinazozitangulia moja kwa moja. Limewekwa ili watu waache mkaa. Lakini tazama vizuri nani anafaidika. Mpangaji wa muzigo mwenye balbu mbili, redio na simu hafiki uniti 81. Uniti nyingi anazopikia anazinunua kwenye Yaka kwa bei ya juu mpaka afikie daraja hilo. Mwenye friji na televisheni ndiye anayeingia kwenye nafuu. Kwa hiyo sufuria ya presha ya umeme, ambayo kwa maharage ni neema ya kweli, itafute wateja wake kwenye nyumba zenye friji. Kwa wengine, sufuria ya presha ya kawaida juu ya sigiri inaokoa mkaa vilevile, mradi uuze pamoja na mpira wa akiba, kwa sababu mpira huo ukichoka na haupatikani, sufuria nzima inageuka pambo. Na ukiuza yale majiko bapa ya umeme yanayopasha chuma kwa sumaku, beba sumaku ndogo mfukoni. Isiponata kwenye kitako cha sufuria, jiko halitaipasha. Sufuria ya alumini ya kawaida haipiti mtihani huo, na mteja aliyeuziwa jiko bila kuambiwa atarudi siku ileile.

Kuna suala moja la forodha ambalo limewaponza wengi kwenye vyombo vya jikoni kuliko kwenye mahindi. Utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki unamruhusu mwenye mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani kupata cheti rahisi cha uasili palepale mpakani, bila ada, na kuvuka bila ushuru wa forodha, mradi bidhaa iko kwenye orodha iliyokubaliwa na nchi mbili zinazopakana. Neno kubwa hapo ni uasili. Sufuria iliyotengenezwa Katwe au kwenye kiwanda cha Uganda ni mali ya Jumuiya. Chupa ya chai iliyotoka China haigeuki kuwa ya Uganda kwa sababu uliinunua Kikuubo. Ukichanganya vitu hivyo viwili kwenye gunia moja na risiti moja iliyoandikwa "vyombo", afisa hana jinsi ya kuvitenganisha, na wewe huna la kumwonyesha. Kumbuka pia kwamba cheti hicho kinaondoa ushuru wa forodha tu. Kodi nyingine za nchi unayoingia na masharti ya viwango yanabaki. Bidhaa ya kiwandani yenye alama ya Q ya Shirika la Viwango la Uganda ina nafasi nzuri, kwa sababu sheria ya Jumuiya ya mwaka 2006 kuhusu viwango inazitaka nchi wanachama kutambua alama za ubora za wenzao. Sufuria ya kumimina ya Katwe kwa kawaida haina alama yoyote, nalo ni jambo la kuliuliza mpakani kabla ya kufunga mzigo, si baada. Kwa wanaokwenda Congo, nchi hiyo ilikuwa mwanachama kamili Julai 2022, lakini usidhani Kasindi inafanya kazi kama Busia. Tuma mtu aulize kwanza.

Mama wa Butembo aliyajua haya yote bila kuyasoma popote. Alimwambia muuzaji avunje seti, amtolee zile kubwa tatu tatu za juu na abaki na ndogo zake. Muuzaji akakataa, akasema kiwandani zinauzwa hivyo. Mama akachukua mkoba wake na kugeuka. Hakuwa amefika mlangoni, akaitwa. Walibishana bei, mpagazi akaitwa, mizani ikaletwa, na sufuria zikapimwa kwa kilo mbele yake pamoja na fungu la miiko.

Alipopewa risiti aliisoma mpaka mwisho, kisha akairudisha juu ya meza. Iliandikwa "vyombo vya nyumbani", basi. Akataka iandikwe upya: sufuria ngapi, ukubwa gani, kiwanda gani, bei ya kila moja, na miiko kwenye mstari wake. Kijana wa duka alipumua, foleni nyuma yangu ikaanza kunung'unika, naye akaketi juu ya gunia lake la sufuria kusubiri mpaka mstari wa mwisho uandikwe.